Plan 9 au Night of the Living Dead: ukianza na muvi za kutisha za bei chee, ipi iwe ya kwanza?

Muulize mtu anayependa zile muvi za zamani za Wamarekani, za maiti kufufuka na visahani vya anga vinavyoning'inia kwenye uzi, akuchagulie moja ya kuanzia. Kuna majina mawili hayakosi, na hapo ndo watu wengi wanapotea, maana yanatajwa pamoja kama mtu na mdogo wake: Plan 9 from Outer Space na Night of the Living Dead. Zote hazina rangi, zote hela ya kuungaunga, zote wafu wanaamka. Sasa mtu anachukua ya kwanza akiwa amejiandaa kuogopa, anakutana na kaburi la boksi linayumba mtu akilipita karibu, anafuta, anasema wazee wa zamani walikuwa hawajui kitu. Mwingine anachukua ya pili akiwa na washkaji sebuleni, soda, karanga na kelele, wamekaa mkao wa kucheka, baada ya nusu saa sebule nzima kimya na hamna anayetaka kwenda chooni peke yake.

Mi kabla sijamwambia mtu aangalie ipi namuuliza kwanza utakuwa na nani sebuleni. Jibu la hapo linamaliza nusu ya kazi.

Ila tuwekane sawa kidogo kuhusu hii bei chee. Miaka ya 1930 uchumi wa Marekani umeanguka, kumbi za sinema zikaanza kukupa muvi mbili kwa tiketi moja ili ushawishike kutoka nyumbani, moja kubwa yenye mastaa na nyingine fupi ya hela ndogo, hiyo ndogo ndo ikaitwa B. Miaka ya 50 tv ikaingia majumbani, watu wazima wakabaki kwenye makochi yao, waliobaki kujaza kumbi na vile viwanja vya kuangalia sinema ukiwa ndani ya gari (wazee wa Dar wanakikumbuka cha kwao pale Msasani) ni vijana, na vijana walitaka mazimwi, maroketi na damu. Basi watu kama Roger Corman, dairekta na mtayarishaji wa muvi za haraka za hela ndogo, wakapata soko. Kwenye kampuni ya AIP (American International Pictures) iliyokuwa inasambaza kazi zake nyingi ilikuwa kawaida kabisa jina na posta vinatangulia, skripti itaandikwa baadae. Kwahiyo ukiona posta ina dude la kutisha alafu kwenye muvi dude lenyewe ni mtu kavaa mpira, usishangae sana, posta ndo ilikuwa bidhaa.

Tuje kwenye ubishi wenyewe.

Plan 9 ilipigwa mwishoni mwa 1956 na jamaa anaitwa Ed Wood, ikaonyeshwa mara ya kwanza 1957 ikiwa na jina la Grave Robbers from Outer Space, alafu ikaja kusambazwa hasa 1959. Hela zilitoka kwa Wabaptisti. Sitanii. Muumini mmoja wa Beverly Hills alikuwa na ndoto ya kutengeneza muvi za dini, akashawishiwa kwamba atoe kwanza hela ya muvi ya kutisha, faida yake itafadhili hizo za dini, akakubali ila kwa masharti, hilo jina la wezi wa makaburi likatolewa na baadhi ya waigizaji wakatakiwa kubatizwa. Wakabatizwa kweli.

Alafu kuna hili la Bela Lugosi, yule Dracula wa 1931. Kafariki Agosti 1956, kamera hazijaanza hata kuzunguka, na kilichobaki ni vipande vichache visivyo na sauti ambavyo Wood alikuwa amempiga picha kwa ajili ya mipango mingine. Mtu mwingine angefuta ile nafasi kwenye skripti yakaisha. Wood akamchukua tabibu wa mgongo wa mke wake, mtu mrefu kuliko Lugosi na hafanani nae hata kwa mbali, akampa joho, akamwambia ajizibe uso atembee. Kwahiyo muvi nzima unaona maiti inakatiza makaburini kajiziba kuanzia puani kwenda chini, na unajua, na wao wanajua kwamba unajua, na mambo yanaendelea.

Hadithi yenyewe ni kwamba wageni kutoka anga za mbali wameshajaribu mipango minane kuwasiliana na binadamu imegoma, sasa wako kwenye wa tisa, kufufua wafu ili dunia itishike iwasikilize kabla binadamu hatujavumbua bomu la kulipua mwanga wa jua wenyewe. Jeshi la wafu wanaofufuliwa ni watu watatu. Watatu tu wa kuitisha dunia nzima! Mmoja ni huyo wa joho, wa pili ni Vampira, dada aliyekuwa maarufu kwenye tv ya Los Angeles kwa kuonyesha muvi za kutisha usiku, hapa haongei neno hata moja. Wa tatu Tor Johnson, mwanamieleka mzaliwa wa Sweden, mtu wa miraba minne, wamempa uinspekta wa polisi na mistari ya kuongea, nusu ya anachosema huambulii, akishakufa na kufufuka ndo anaigiza vizuri kwa sababu haongei tena.

Chumba cha rubani wa ndege ni viti na pazia. Polisi wanatoka kituoni usiku, wanafika mchana, wanashuka usiku. Kuna mtabiri wa tv anaitwa Criswell anaifungua muvi kwa kukuambia kwa uso mkavu kabisa kwamba matukio ya baadae yatakuathiri baadae.

Mwaka 1980, Wood akiwa ameshafariki miaka miwili nyuma, tena kafa maskini, kitabu kimoja cha Marekani kikaitangaza hii kuwa muvi mbaya kuliko zote duniani, na hapo ndo ikapata umaarufu ambao mwenyewe hakuuona. 1994 dairekta Tim Burton akatengeneza muvi ya maisha ya Wood na Martin Landau akabeba Oscar kwa kumuigiza Lugosi. Mimi hilo taji la ubaya silikubali. Muvi mbaya kweli ni ile inayokuchosha, na Plan 9 dakika zake 79 hazichoshi kwa sababu jamaa aliyeitengeneza anaamini kila neno. Huyo kiongozi wa wageni akifika kwenye hotuba yake ya mwisho anaishia kuwatukana binadamu kwamba akili zao ni za kijinga, unacheka, alafu ukikaa unakumbuka ni miaka ya majaribio ya mabomu ya nyuklia, hoja yake haikuwa mbaya, uwasilishaji ndo ulimuangusha.

Sasa hamia upande wa pili.

Night of the Living Dead, 1968, Pittsburgh. Hawa hawakuwa watu wa Hollywood, walikuwa vijana wa kampuni ndogo ya matangazo ya tv, George Romero na wenzake, wakachangishana, jumla ikafika kama dola 114,000. Ni hela zaidi ya alizokuwa nazo Wood, ila kwa muvi ya kumbi za sinema bado ni ya mboga. Damu ni sharubati ya chokoleti, maana kwenye picha isiyo na rangi inatokea vizuri tu. Nyama wanazotafuna wale wafu ni nyama za buchani za kweli, mmoja wa wawekezaji alikuwa na bucha. Watayarishaji wawili kati yao wanaigiza humo humo, na wale wafu wengi ni marafiki, majirani na wateja wa ile kampuni ya matangazo. Ukiangalia karatasi ya matumizi unasema hawa na Ed Wood ni wale wale.

Tofauti ni kwamba Wood alikuwa na hela ya chumba akaandika dunia nzima, mashambulizi ya visahani juu ya Hollywood, jeshi, Pentagon, chombo cha anga, vyote hana. Romero alikuwa na hela ya nyumba moja ya shambani akaandika hadithi ya nyumba moja ya shambani. Watu saba ndani, wafu nje, mbao za kupigilia madirishani, na redio. Yaani ule umaskini wa bajeti ukawa ndo hofu yenyewe, huwezi kutoka, hakuna pa kwenda, hata kamera haina pa kwenda. Sababu ya wafu kuamka unaisikia juu juu kwenye tv, kitu kama mionzi ya chombo kilichotoka sayari ya Zuhura, wataalamu wenyewe wanabishana, hamna anayejua, na hiyo inatisha kuliko maelezo yote ya Plan 9.

Tena wafu wenyewe wanatembea polepole, unaweza kuwakimbia ukiwa umevaa ndala. Kinachowaua wale wa ndani ni kubishana wakae juu au wajifungie chini stoo. Kuna mzee mmoja, Harry, anaamini stoo ndo salama na hataki kusikia la mtu, utamchukia mwanzo hadi mwisho, alafu fikiria vizuri nani alikuwa sahihi kuhusu ile stoo. Muvi za kisasa za mazombi zenye mamilioni ya dola nyingi bado zinakula kwenye hili sahani, ingawa humu neno zombi halitamkwi hata mara moja.

Na Ben, steringi wetu, ni mtu mweusi, Duane Jones. 1968, Marekani, mtu mweusi ndo mwenye akili zaidi ndani ya nyumba, anatoa amri, anampiga mzungu kibao na ngumi, na hakuna mstari hata mmoja unaotaja rangi yake. Romero alikuwa anasema hakuandika hivyo, Jones alikuwa tu bora kuliko wengine waliojaribiwa. Ila muvi ilimalizika mwaka ule ule Martin Luther King ameuawa, huwezi kuziangalia dakika tano za mwisho, zile picha zilizoganda, ukaacha kufikiria hilo. Sisi tumekua tunajua steringi hauawi. Nenda kaangalie, siongezi neno.

Kuna jambo moja lililotokea nalipenda sana japo si la kufurahisha. Muvi ilitoka Oktoba 1968, mwezi mmoja kabla mfumo wa Marekani wa kupanga muvi kwa umri haujaanza, kwahiyo watoto waliingia kumbini mchana kama walivyozoea kuingia kwenye muvi za madude ya mpira, wamekaa na bisi zao. Mkosoaji Roger Ebert aliandika kuhusu watoto aliowaona wamekaa kimya wamepigwa butwaa, wengine wanalia. Hao walikuwa wametegemea kitu kama Plan 9, ndo ule mkanganyiko niliosema pale juu, tena wakiwa na umri wa shule ya msingi.

Basi ukiniuliza, mko wengi na mmoja wenu anapenda kuongea ongea muvi ikiendelea, weka Plan 9. Uko peke yako au na mtu mmoja, taa zimezimwa, simu umeilaza kifudifudi, weka Night of the Living Dead. Ukizibadilisha umeziharibu zote mbili. Plan 9 ukiiangalia peke yako usiku wa manane inakuwa ya huzuni aisee, unaanza kumwaza Ed Wood na chupa yake ya pombe na kodi ya nyumba.

Na hapa kwenye kuongea juu ya muvi sisi tuna utaalamu ambao Wamarekani waliuchelewa. Wao 1988 huko Minneapolis kilianza kipindi cha tv cha Mystery Science Theater 3000, jamaa mmoja na maroboti wake wamekaa chini ya kioo, unaona vivuli vyao, wanaisema muvi mbovu mwanzo mwisho, watu wakaona ni uvumbuzi. Mtu aliyekulia kwenye kibanda umiza akimsikiliza Lufufu akitafsiri muvi huku inaendelea, au Mkenya aliyelelewa na DJ Afro, au Mganda na VJ Jingo wake, hashangai hata. Tofauti ni moja, yule wa Marekani anaisimanga muvi, DJ wetu anaibeba, anawapa watu majina, anamfanya adui aongee Kisukuma, anaongeza mambo ambayo muvi haikuwa nayo. Kwa Plan 9 naona staili yetu inafaa zaidi. Punguza sauti, mteue yule mropokaji wa kundi atafsiri, kwa sababu maongezi ya asili hayana umuhimu hata wa asilimia kumi. Kwa Night usithubutu, ile redio na tv za ndani ya muvi ndo zinajenga hofu, ukikosa maneno yao umekosa muvi.

Suala la lugha linaingia hapo hapo. Kiingereza chako kama cha kuungaunga, Plan 9 haikudai kitu. Night inadai kiasi, tafuta yenye maandishi chini.

Kama zote mbili hazijakuvutia, kuna njia za kando, nazipitia haraka.

Unataka ya kucheka lakini mbovu zaidi ya Plan 9: Robot Monster ya 1953. Bajeti haikutosha kutengeneza roboti, dairekta akamjua mtu mwenye vazi lake la sokwe, wakamvalisha vazi na juu yake helmeti yenye antena, ndo roboti aliyemaliza binadamu wote isipokuwa watu wanane. Ana mashine ya mapovu ya sabuni pangoni kwake, na hiyo mashine imeandikwa kwenye majina ya mwanzo wa muvi kabisa kama vile nayo ni staa. Saa moja na dakika chache, imeisha. Hiyo inafaa hata na watoto. Ila Manos: The Hands of Fate ya 1966 ambayo kila mtu anaisifia kwa ubovu, mimi sikushauri uanze nayo. Alitengeneza muuza mbolea wa El Paso, Texas, kamera yake ilikuwa inapiga sekunde 32 tu kwa mara moja, sauti zote zimewekwa baadae na watu wachache sana, ni kisa kitamu kusimulia na ni mateso kuangalia. Barabara, barabara, barabara, gari linaenda. Hiyo iangalie ndani ya hicho kipindi cha maroboti, otherwise achana nayo.

Unataka ya kucheka ambayo imekusudia kuchekesha: The Little Shop of Horrors ya Corman, 1960, sehemu kubwa ilipigwa kwa siku mbili kwenye seti iliyokuwa inasubiri kubomolewa. Duka la maua, mmea unaokula watu na unaodai chakula kwa sauti, na Jack Nicholson kijana mdogo kabisa kaja kwa daktari wa meno kwa sababu anapenda maumivu. Kama unasita kabisa kati ya pande mbili za huu ubishi, hii ndo kati.

Unataka ya taratibu, isiyo na damu, ya kukukaa kichwani: Carnival of Souls, 1962. Herk Harvey alikuwa anatengeneza filamu za mafunzo ya viwandani na mashuleni huko Lawrence, Kansas, siku akipita na gari karibu na Salt Lake City akaliona jumba la starehe lililotelekezwa la Saltair, akarudi kukusanya kama dola 33,000 na kutengeneza muvi ndefu pekee maishani mwake. Dada mpiga kinanda wa kanisani anatoka mtoni baada ya gari kutumbukia, anahamia mji mwingine, na mwanaume mwenye uso mweupe anaanza kumtokea, huyo mwanaume ni Harvey mwenyewe kajipaka. Kinanda kinalia muvi nzima. Mimi binafsi, nikilazimishwa kubaki na moja katika zote nilizotaja, ni hii, japo simpi mtu wa kuanza kwa sababu nusu saa ya kwanza ataniambia haina kitu.

Unataka fujo: The Evil Dead, 1981, Sam Raimi na wenzake kutoka Michigan, kibanda cha msituni Tennessee, kamera imefungwa kwenye ubao watu wawili wanakimbia nayo kuigiza pepo linalopita, waigizaji walichoka wakaondoka Raimi akamalizia na yeyote aliyekuwepo. Huyo ndo baadae akapewa Spider-Man. Ina nguvu mpaka leo, ila kuna tukio la msichana na miti ambalo ni la udhalilishaji kabisa, ujue mapema, na usiiweke na wazazi au wadogo zako wakiwa sebuleni.

Mwisho ni nakala. Night of the Living Dead haina hakimiliki Marekani, msambazaji alipobadilisha jina la muvi dakika za mwisho alisahau kurudisha alama ya hakimiliki, kwa sheria ya wakati ule ikawa mali ya umma papo hapo, wenyewe wakakosa hela nyingi sana. Kwako ni nafuu, iko bure kihalali kwenye intaneti, unashusha ukiwa na bando ya usiku. Ubaya wake kila mtu anaruhusiwa kuweka anachotaka, kuna nakala zimefifia mpaka huoni nani mfu nani mzima, kuna zilizopakwa rangi wafu wakawa kijani. Tafuta iliyosafishwa upya 2016, Romero mwenyewe akiwa bado hai. Na kuna moja ya 1999 iliyoongezewa matukio na muziki mpya bila yeye, hiyo ikwepe: muvi halisi inaanza na gari linakuja taratibu kwenye barabara ya kwenda makaburini, yako ikianza na mchungaji na mazishi, zima utafute nyingine.